Meno Hayakuwa na Kosa

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, tarehe 12 Machi, mwaka 2019. Naikumbuka tarehe kwa sababu ndiyo siku ambayo kotama ya mume wangu, kisu chake cha kugemea, ilianguka kutoka juu ya mti wa mvumo, ikajikita ardhini hatua mbili kutoka miguuni pangu.

Jina langu ni Daw Ohn Yi; kwetu Daw ni kama Bibi, na U ni kama Bwana. Mume wangu ni U Thaung Nyo, na kazi yake ni kugema. Kijijini kwetu, karibu na mlima Popa, ardhi ni kavu. Mpunga haukubali, lakini mivumo, jamaa ya minazi, inakubali. Wanaume huikwea na kugema. Wanawake huchemsha maji matamu ya mivumo katika masufuria mapana mpaka yawe sukari. Mume wangu ana mivumo ishirini na minane. Huipanda yote alfajiri, na huipanda yote tena jioni. Panda la maua, ndilo litoalo maji hayo, lisipokatwa mara mbili kwa siku hukauka, na mti hunyima. Kwa hiyo mgema hana siku ya kuugua.

Kila alfajiri, kabla hajatoka, nilikuwa nikimpaka thanaka. Nilisaga gome la mti wa thanaka juu ya jiwe, nikatia maji, nikapata uji mweupe wenye harufu nzuri. Nilimpaka shavu la kulia, kisha la kushoto, ili jua lisimchome. Nimefanya hivyo kwa miaka ishirini na sita. Sisi si watu wa maneno mengi. Maneno yetu mengi yalikuwa katika kile kidole changu na lile shavu lake.

Jumanne hiyo nilipofika shavu la kushoto, alirudisha kichwa nyuma.

"Hilo liache," alisema.

"Niliache kwa nini? Jua la Machi halichagui shavu."

"Nimesema liache, Mama Nwe," alisema, akiniita kwa jina la mtoto wetu.

Niliosha kidole changu. Nilijiuliza ni neno gani baya nililomwambia jana yake, nisilione.

Tulikwenda shambani. Mimi nilikusanya kuni chini, yeye akapanda. Alikuwa kwenye mti wa saba upepo ulipovuma kutoka kusini. Nilisikia sauti kama ya mtu aliyekatwa pumzi. Kisha kotama ilishuka, ikachoma ardhi.

Nilitazama juu. Mume wangu alikuwa amekumbatia ngazi ya mianzi kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa umesimama hewani karibu na shavu, haugusi. Ulikuwa kama mkono wa mtu anayetaka kumpapasa paka mkali. Nilihesabu pumzi zangu. Nilifika kumi na mbili, ndipo akasogea.

Alishuka polepole. Jicho lake la kushoto lilikuwa likitoa machozi. La kulia lilikuwa kavu.

"Umenitupia kisu," nilisema, maana sikujua la kusema.

"Ningetaka kukupiga ningekukosa?" alijibu kwa mdomo uliofungwa nusu. Kisha akasema, "Ni meno tu. Soko la Jumapili nitayamaliza."

Sasa nieleze habari ya meno.

Kijijini kwetu kila mtu hula sukari. Tukimaliza wali tunakunywa chai chungu na kuuma kipande cha sukari ya mvumo. Mtoto akilia hupewa sukari. Mgeni akija hupewa sukari. Kwa hiyo mtu wa kwetu akishika shavu, hakuna anayeuliza ni nini. Wote husema, "Ni meno. Sukari imedai chake."

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mume wangu alianza kupata maumivu upande wa kushoto wa uso. Yalikuja kama radi na kuondoka kama radi. Tulikwenda kwa U Phay Tin, mng'oa meno anayeweka kiti chake sokoni kila Jumapili. U Phay Tin ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alimng'oa jino la nyuma. Maumivu yakaondoka. Miezi miwili mizima mume wangu alikula, alicheka, na alitafuna tambuu. Tulimsifu U Phay Tin kijiji kizima, nami nilimpelekea kikapu cha sukari.

Kisha maumivu yakarudi. Tukasema, basi ni jino la jirani yake. Likang'olewa. Safari hii maumivu hayakuondoka. Yalizidi. Mume wangu aliacha tambuu. Akaacha wali, akanywa maji ya wali tu. Akaacha kunyoa upande wa kushoto, akawa na nusu ya ndevu. Mdogo wangu, Ko Lun, ambaye naye ni mgema, hakuweza kuiacha nafasi hiyo ipite.

"Shemeji," alisema, "upande huu wewe ni mtawa na upande huu ni jambazi. Tukusujudie au tukukimbie?"

Mume wangu zamani angemjibu mpaka Ko Lun atafute njia ya kutokea. Siku hizo hakujibu. Kuzungumza pia kulileta maumivu. Nyumba yetu ikawa kimya, nami nilidhani amenichoka.

Lakini siku ile ya kotama niliona uso wake alipokuwa juu ya ngazi. Niliona kwamba hakunichoka. Niliona pia jambo jingine, na jambo hilo lilinitia baridi katika jua la Machi. Radi hiyo ikija siku nyingine juu ya mti, huenda mkono utakaoachia ukawa ule ulioshika ngazi.

Siku ya pili yake, Jumatano, Daw Tin Mu alikuja katika ukumbi wa nyumba ya watawa kuwachanja watoto. Daw Tin Mu ni mkunga wa zahanati yetu. Amezalisha nusu ya kijiji, kwa hiyo huwagombeza hata wazee. Nilisubiri mpaka mtoto wa mwisho alipomaliza kulia. Nikamweleza.

"Mwite," alisema.

"Haji. Anasema mkunga ni wa wanawake."

"Basi nitakuja mimi, nimwambie ana mimba."

Alikuja na baiskeli yake. Mume wangu alikuwa ameketi chini ya paa la jiko, ameupa upepo mgongo. Daw Tin Mu alikaa mbele yake, hakumgusa. Aliuliza, na mume wangu akajibu kwa maneno mafupi.

"Maumivu yakija, hukaa muda gani?"

"Muda wa kumeza mate mara chache. Lakini hurudi na kurudi."

"Yanapita pande zote mbili?"

"Hapana. Kushoto tu."

"Jino bovu huuma usiku kucha. Wewe unalala?"

Mume wangu alifikiri. "Nikishapata usingizi, nalala."

"Maji ya moto, maji ya baridi, yanauma jino lenyewe?"

"Maji yakigusa mdomo, naumwa. Hata yakiwa vuguvugu. Hata nikinawa uso. Hata huyu," alinionyesha kwa macho, "akinipaka thanaka."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini aligeuza shavu. Nilitazama sufuria ya sukari ili asione macho yangu.

"Shavu lina ganzi? Mdomo umepinda? Sikio linasikia? Mkono na mguu vina nguvu?"

"Ganzi hakuna. Nasikia. Nguvu ninazo, nina mivumo ishirini na minane ya kukuonyesha."

Daw Tin Mu aliangalia ndani ya mdomo kwa tochi. Kisha akasema, "U Thaung Nyo, mimi si daktari. Lakini naona kama meno yako yanasingiziwa. Kuna mshipa wa fahamu unaopita usoni. Mshipa huo ukiumwa, mtu hupigwa kama shoti ya umeme. Nenda hospitali ya Mandalay kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Using'oe jino jingine."

"Nikienda Mandalay, miti yangu nani ataigema?" mume wangu aliuliza. "U Phay Tin yuko Jumapili, na haniondoi mtini."

"Atakuondoa meno."

"Jino la kwanza liling'olewa, nikapona miezi miwili. Hilo nalo lilikuwa singizio?"

Daw Tin Mu alizima tochi yake. Alinitazama mimi. "Mama Nwe, wewe si unasoma darasa la watu wazima pale kwa watawa?"

"Mwaka wa pili sasa. Naandika pole pole."

"Pole pole inatosha. Toka leo mpaka Jumapili, kila maumivu yakija, andika mambo matatu. Yalikuja saa ngapi. Alikuwa akifanya nini. Yaliuma wapi hasa."

Nilikuwa sijawahi kuandika kitu ambacho mtu alikihitaji. Darasani tuliandika majina yetu na majina ya mboga. Nilichukua daftari langu, nikapiga mistari.

Mume wangu alicheka kwa nusu ya mdomo. "Sasa nina karani," alisema.

Alhamisi niliandika mara tisa. Ijumaa mara kumi na moja. Jumamosi mara kumi na nne. Herufi zangu zilikuwa kubwa na zimelala kama walevi, lakini zilisomeka.

Jumapili asubuhi mume wangu alivaa kikoi safi cha kwendea sokoni. Nilisimama mlangoni na daftari.

"Nikusomee kwanza," nilisema. "Kisha utakwenda unakotaka."

"Soma. Lakini soko halinisubiri."

Nilisoma. "Alhamisi, alfajiri. Alinawa uso. Maumivu jino la juu. Alhamisi, saa tatu. Upepo, mti wa nne. Maumivu jino la chini. Alhamisi, mchana. Alimwita mbwa. Maumivu shavu, karibu na pua."

"Sikujua ni mengi hivyo," alisema taratibu.

"Ijumaa, jioni. Alikunywa maji ya wali. Maumivu jino la nyuma kabisa." Niliinua macho. "Baba Nwe, hapo niliandika ulivyoniambia mwenyewe. Jino la nyuma kabisa."

"Ndiyo. Ndilo linalouma kuliko yote."

"Jino la nyuma kabisa halipo. Liling'olewa mwaka jana."

Aliingiza ncha ya ulimi mahali palipokuwa na jino, kwa uangalifu. Palikuwa na ufizi mtupu. Ko Lun, aliyekuwa amekuja ili waende sokoni pamoja, alikuna kichwa.

"Shemeji," alisema, "jino limekufa na bado linakudai. Hilo si jino, hilo ni mkwe."

Mume wangu aliketi tena. Alifungua fundo la kikoi chake, kisha akalifunga, kama mtu ambaye mikono yake imekosa kazi.

"Na miti?" aliuliza.

Hapa yafaa msomaji ajue desturi yetu. Mgema hampi mtu kotama yake. Kila mgema hunoa yake kwa namna yake, na hukata panda kwa pembe yake. Wazee husema mti huujua mkono. Mtu akitoa kotama yake, maana yake amezeeka au amekata tamaa. Baba yake U Thaung Nyo aliitoa siku moja tu, siku alipokuwa amelala akingoja kufa.

"Nina miti ishirini na miwili," Ko Lun alisema, bila mzaha sasa. "Nikianza mapema nitaiweza na yako. Pembe yako naijua. Nimekuwa nikiiba kwa macho tangu nikiwa mvulana."

Mume wangu alinitazama.

"Mimi nataka mume mwenye miguu chini," nilimwambia. "Kotama ikianguka huokotwa."

Alikwenda kwenye nguzo ya jiko. Aliichomoa kotama yake, akaifuta makali kwa ncha ya kikoi, akampa shemeji yake kwa mikono miwili. Ko Lun aliipokea kwa mikono miwili. Kisha Ko Lun akatoka haraka, akisema jua limepanda.

Mandalay tulifika kwa basi, mume wangu akiwa amefunga uso kwa kitambaa ili upepo wa dirishani usimguse. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Daktari Hnin Wai. Nilimpa daftari langu kwa aibu, kwa sababu ya zile herufi walevi. Alilisoma lote. Hakuharakisha. Alipomaliza alisema, "Mama, wagonjwa wengi huniambia 'naumwa sana' na basi. Wewe umenirahisishia kazi."

Alimpima mume wangu. Alimgusa uso kwa pamba, akampima macho na masikio, akamwambia akaze meno na atabasamu. Alimtuma kwa daktari wa meno wa hapo hapo, naye akasema meno yaliyobaki ni mazima. Alimpeleka kupigwa picha ya kichwa, ili kuhakikisha hakuna uvimbe. Hapakuwa na uvimbe.

"Jino la kwanza lilipong'olewa nilipona," mume wangu alimwambia. Swali hilo lilikuwa bado limemkaa kooni.

"Hukupona, baba. Ugonjwa huu hupumzika wenyewe. Hukaa miezi kadhaa, kisha hurudi. Kwako ugonjwa ulipumzika wiki ile ile uliyong'olewa jino, na jino likapata sifa isiyo yake. Wengi hung'olewa meno manne au matano kabla hawajafika hapa."

Kisha alieleza. Kila upande wa uso una mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo: hapa pana baridi, hapa pameguswa, hapa panauma. Ndani ya kichwa, mshipa wa damu unaweza kuulalia ule mshipa wa fahamu na kuupigapiga kila moyo unapodunda. Ganda la mshipa wa fahamu linachakaa. Baada ya hapo, kitu kidogo tu, upepo au maji, hupeleka kwenye ubongo habari ya uongo kwamba uso unaungua.

Mume wangu alisikiliza kwa makini. "Ni kama kamba ya chungu," alisema.

"Kamba gani, baba?"

"Tunaning'iniza chungu mtini ili kipokee maji matamu. Upepo ukikitikisa, kamba inasuguana na ukuti. Kwa nje unaona kamba nzima, lakini nyuzi zimetokeza. Ikifika hapo, ndege akitua tu, chungu kinaanguka."

"Ni hivyo hivyo," daktari alisema. "Nitaiazima kamba yako, niwaeleze wengine."

Dawa inaitwa kabamazepini. Daktari alisema hutumiwa pia na wenye kifafa, kwa sababu hutuliza mishipa inayopiga kelele bila sababu.

"Mimi sina kifafa," mume wangu alisema.

"Kisu kimoja hukata mboga na hukata kamba, baba. Dawa za kawaida za maumivu haziufikii ugonjwa huu. Hii inaufikia."

Lakini hakutupa siku hiyo. Alisema watu wa pande zetu za dunia, baadhi yao, wamezaliwa na kitu katika damu ambacho hukataa dawa hii. Ngozi yao huungua na kubambuka, na mtu anaweza kufa. Hospitali yake ilikuwa na kipimo cha damu cha kuonyesha jambo hilo. Tulilala siku nne katika nyumba ya wageni ya watawa tukingoja majibu. Majibu yalikuwa mazuri. Ndipo akatupa dawa, akaniambia nifungue daftari.

Niliandika hivi, kwa maneno yake:

"Anza na kidogo. Kiasi ataongeza daktari, si mgonjwa. Wiki za kwanza utasinzia na kuona kizunguzungu. Usipande mti. Usiendeshe pikipiki. Ukiona upele, malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu au homa, acha dawa na uende hospitali siku ile ile. Hata kama kipimo cha damu ni kizuri. Bila hayo, usiiache dawa ghafla. Usimpe mtu mwingine dawa yako. Rudi kupimwa damu."

"Na dawa ikishindwa?" niliuliza.

"Zipo nyingine. Na upo upasuaji. Tunaweka kitu laini kati ya mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, visisuguane. Hatuanzi na huko, lakini njia haijafungwa."

Tulirudi nyumbani. Kila asubuhi nilimtazama ngozi, kifuani na mgongoni, kama mtu akaguaye embe.

"Watu watasema nini wakikuona unanifunua kila siku?" aliuliza.

"Watasema mke wake anampenda. Geuka."

Wiki ya kwanza alisinzia hata akiwa ameketi. Alijaribu kunisaidia kukoroga sukari, akakoroga na usingizi, sukari ikaungua. Tuliila hivyo hivyo, chungu na nyeusi. Wiki ya pili maumivu yalipungua. Niliandika mara saba kwa siku, kisha mara nne, kisha mara mbili. Siku ya kumi na tisa niliandika, "Hakuna." Nililiangalia neno hilo kwa muda mrefu. Nilikuwa sijawahi kuandika neno zuri kama hilo.

Sitaficha kosa lake. Siku ya ishirini na tatu alisema amepona, na kwamba usingizi unamtia aibu mbele ya wanaume. Aliacha vidonge bila kuniambia. Siku ya ishirini na tano nilimkuta nyuma ya jiko, mkono hewani karibu na shavu, kama ile Jumanne. Sikumgombeza. Nilileta daftari, nikamfungulia ukurasa wa maneno ya daktari. Yeye hajui kusoma, lakini alijua ni ukurasa gani.

"Lile la kuacha ghafla," alisema.

"Ndilo."

Daw Tin Mu alimpigia daktari simu, akaelekezwa jinsi ya kuanza tena kidogo kidogo. Alimwambia mume wangu, "Ukirudia, nitakuchanja pamoja na watoto, na sitakupa pipi." Hakurudia.

Mivumo haikukauka. Ko Lun alipanda miti hamsini kwa siku mpaka miguu yake ikawa kama mizizi. Kila jioni alimletea mume wangu kikombe cha maji matamu ya kwanza, akamwuliza kama pembe ni sawasawa. Mume wangu alionja, akasema, "Umekata kama mwizi." Kisha akamaliza kikombe chote. Nilijua kwamba amesifu.

Tarehe 20 Mei tulirudi Mandalay. Damu ilikuwa nzuri. Daktari alimwambia asimame kwa mguu mmoja, atembee juu ya mstari, afumbe macho na asimame. Hakuyumba. Wiki nne zilikuwa zimepita bila maumivu hata mara moja.

"Panda," daktari alisema, "lakini panda umejifunga kamba kiunoni. Siku yenye kizunguzungu, kaa chini. Na siku hiyo usione aibu."

Tulipofika nyumbani, Ko Lun alikuwa akingoja. Alikuwa ameinoa kotama ya mume wangu kwa namna ya mume wangu. Aliitoa kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa mikono miwili. Wazee waliokuwepo walisema hawajapata kuona kotama ikirudi kwa mwenyewe.

Jumapili ya soko, mume wangu alikwenda kwa U Phay Tin. Alikaa kitini, akafungua mdomo. U Phay Tin alichukua koleo.

"Leo sijaja kung'oa," mume wangu alisema. "Nimekuja kukuonyesha kwamba bado ninayo."

Kisha alimweleza yote, mbele ya watu. Hakumlaumu. U Phay Tin alisikiliza, na alikuwa na haya. Tangu siku hiyo ana maswali yake. Mtu akija ameshika shavu, humwuliza kama maumivu hupiga na kuondoka, kama upepo na maji huyaleta, kama ni upande mmoja tu. Akijibiwa ndiyo, huweka koleo chini, akamtuma kwa Daw Tin Mu. Jino likiwa bovu kweli, hulishughulikia mwenyewe au humtuma mtu huyo kwa daktari wa meno. Watu watatu amekwisha kuwatuma kwa mkunga. Wawili walikuwa na ugonjwa kama wa mume wangu.

Sasa ninamaliza. Asubuhi ya kwanza ya kupanda, niliamka kuchemsha maji. Nilimkuta mume wangu ameketi mbele ya jiwe la thanaka. Alikuwa amekwisha kusaga mwenyewe. Uji ulikuwa mzito mno, kwa sababu hakuwahi kufanya kazi hiyo maishani mwake.

Alinyosha uso wake kwangu, upande wa kushoto kwanza.

Nilichovya kidole changu katika uji. Nilikigusisha kidogo, nikasubiri.

"Mama Nwe," alisema akiwa amefumba macho, "unapaka au unabisha hodi?"

Nilimpaka shavu lote.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, huenda unamjua mtu anayegeuza uso upepo ukivuma, anayekula upande mmoja, ambaye ameng'olewa meno na bado anaumia. Kaa naye, umsomee kurasa hizi. Soma pole pole, kama nilivyoandika. Akitaka kukwambia inauma wapi, mwandikie. Kisha umpe kurasa hizi yeye, naye amtafute mwingine mwenye maumivu kama hayo, asomewe.